Altezza Mbili na Boljointi Moja

Watu wa nchi hii wamejizoeza kusoma umri wa gari kwenye kibao cha namba. Wakiona herufi inayofuata tarakimu ni A, wanakwambia hilo ni la babu. B limechoka, C linavumilika, D lina heshima yake, na likija la namba E watu wanasogea lipite hata kama linatoa moshi mweusi. Hakuna anayejisumbua kukumbuka kwamba kibao kinataja lini gari liliandikishwa hapa, si lini lilitoka kiwandani. Obadia, fundi magari wa Manundu pale Korogwe, amelieleza jambo hili miaka nenda rudi. Wateja wanaitikia kwa kichwa, kisha wanakwenda kununua herufi.

Yeye mwenyewe ana Altezza ya rangi ya fedha, namba B. Altezza ni gari la spoti, la chini chini, lenye muungurumo ambao vijana huugeukia. Hilo lake alilipata likiwa mzoga: daktari mmoja alihamishwa, injini imekufa, akalitelekeza hapo gereji mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Obadia, ambaye baba yake alikata mkonge maisha yake yote na akafa bila kumiliki hata baiskeli, alilinunua kwa bei ya chuma chakavu na kulifufua kipande kwa kipande kwa miaka minne. Binti yake Evodia alikuwa sekondari wakati huo. Akitoka shule alikaa ndani ya gari lisilo na matairi, daftari kaliegemeza kwenye usukani, akafanya hesabu zake. Siku moja aliuliza kama kweli litakuja kutembea. Obadia akamwambia litatembea, na siku ya kuolewa kwake atampeleka nalo yeye mwenyewe.

Likatembea. Na mwaka huu Evodia akapata mchumba, Yordani, kijana mpole wa Handeni ambaye Obadia hana neno naye. Neno analo na kamati.

Maana siku hizi mzazi haozeshi, inaozesha kamati. Kamati ya harusi ya kina Yordani ilikuwa na katibu, mweka hazina na kamati ndogo ya usafiri, na mwenyekiti wake alikuwa Deogratius, baba mdogo wa Yordani, mtu wa shati lililonyooka na kalamu mbili mfukoni. Obadia alipotuma ujumbe kwamba gari la bibi harusi lipo, la baba yake mzazi, hawakusema ahsante. Walisema watakuja kulikagua.

Wakaja, wiki moja kabla ya harusi, na gari la kulilinganisha nalo: Altezza nyingine, nyekundu, namba E, imetua nchini mwaka huu huu, mali ya Mathias, kijana wa Handeni anayekodisha magari ya sherehe. Wakayasimamisha ubavu kwa ubavu uani kwa Obadia. Deogratius akalizunguka lile la fedha na daftari mkononi. Hakuomba boneti ifunguliwe, hakuomba liwashwe. Akatazama kibao, akaandika. Akaenda kwenye lile jekundu, akatazama kibao, akaandika, akatabasamu. Ukaguzi ukawa umekwisha.

Damu ilimchemka Obadia. Akafungua milango ya magari yote mawili, akavuta mikanda ya abiria mpaka mwisho, pale kwenye kitambaa kidogo kilichoshonewa mwaka wa kutengenezwa, akawaita wasome wenyewe. Lake lilikuwa la mwaka 2005. Lile jekundu, jipya, la namba E, lilikuwa la 1999. Yote mawili yalitoka Japani yakiwa yametumika; lake lilikuja zamani likiwa bado kijana, lile lilikuja juzi likiwa limeshazeeka. Wakainama, wakasoma, wakainuka.

"Mkwe," Deogratius akasema, "kwenye picha mkanda hauonekani. Namba inaonekana."

Hebu mtu mzima aambiwe hivyo, uani kwake, mbele ya mke wake. Obadia akamgeukia Evodia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akitaka neno moja tu la kumuunga mkono. Evodia akatazama chini.

"Baba, waachie tu," akasema. "Mimi ndiye nitakayekwenda kuishi nao."

Obadia angemmudu Deogratius. Hili hakulimudu. Lilimuuma, na aliona kwamba binti yake anasema kweli, na hilo likamuuma zaidi.

Yangeishia hapo, kama si sikio la fundi. Mathias alipokuwa anatoka na gari lake, tairi la mbele likaingia kwenye shimo la getini na Obadia akasikia chuma kikigonga. Akamsimamisha. Akaweka jeki, akalishika tairi kwa mikono miwili na kulitikisa, nalo likacheza. Boljointi imekwisha, yaani ile nyonga ya chuma inayoshika tairi la mbele. Ikichomoka kwenye kona, tairi linalala, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Na barabara ya Handeni ina kona, na madereva wa misafara ya harusi kila mtu anawajua.

Mathias akacheka. "Mzee wangu, namba E hii. Hata mwaka haijamaliza."

Deogratius hakucheka. Alisema kwa upole kwamba wanamwelewa mkwe wao, lakini uamuzi umeshapita. Yaani alimwona Obadia mzushi, mzee mwenye wivu wa gari. Miaka thelathini ya ufundi ikapimwa kwa dakika moja na mtu asiyejua boneti inafunguliwa wapi.

Siku nne Obadia alizunguka maduka yote ya vipuri Korogwe. Akapiga simu Tanga, akapiga Dar es Salaam. Boljointi ya Altezza ingefika wiki baada ya harusi. Basi Alhamisi akaliinua gari lake mwenyewe juu ya mawe, akachomoa boljointi aliyoifunga mwaka jana kwa mkono wake, akapanda basi kwenda Handeni. Mathias hakukataa, cha bure nani anakataa. Obadia akamwambia waziwazi kwamba anamwazima tu na Jumatatu atakuja kuichukua. Mathias akasema sawa mzee, Jumatatu. Obadia akaifunga huku akiwatukana wote kimoyomoyo, kuanzia mwenyekiti mpaka kamati ndogo ya usafiri, na hajawahi kukaza nati kwa uangalifu kama siku ile.

Jumamosi Evodia alitoka kanisani amependeza mpaka shangazi zake wakalia. Akaingia kwenye gari jekundu lenye maua, msafara ukashika njia ya Handeni kwenye sherehe. Baba wa bibi harusi alipakiwa kwenye Noah ya nyuma yake, amebanwa na shangazi wawili na sufuria la pilau. Njia nzima hakutazama shela wala maua. Alitazama tairi la mbele kila gari lilipokunja kona, na kila kona tairi lilikaa palepale.

Ukumbini Deogratius akamwinamia sikioni. "Umeona lilivyotulia kwenye kona, mkwe? Ndiyo raha ya kitu kipya."

Obadia alikuwa na soda mdomoni. Akaimeza, na maneno akayameza. "Nimeona," akasema.

Jumatatu akapanda basi la kwanza, jeki na spana kwenye kiroba. Mathias alimpa shikamoo akidhani mzee amekuja kusalimia. Obadia akaitikia, akaliinua lile gari jekundu, akaliweka juu ya mawe, akachomoa boljointi yake, akaifuta na kuifunga kwenye leso. Ile mbovu aliyoitunza tangu Alhamisi akaiweka kwenye kiti cha abiria, karibu na mkanda. Mathias akauliza sasa yeye ataendaje kazini.

"Muulize mwenyekiti," Obadia akasema. "Hiyo ndiyo yako. Ni jipu la mwaka tisini na tisa."

Habari ilizunguka Handeni kabla basi lake halijaondoka. Jioni Obadia alikuwa chini ya gari lake anakaza nati ya mwisho, simu ikaita. Evodia. Alisalimia, kisha akauliza kama ni kweli kwamba ile boljointi ilikuwa ya gari lao.

"Ni kweli."

"Basi ulinipeleka nalo, baba."

Obadia akaitazama boljointi mahali pake, imetulia, inang'aa grisi. Hasira yake ilikuwa bado ipo palepale.

"Kipande, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuahidi gari zima."