Mashine Iliyogawa Anwani Jengo Zima

Jumatatu hiyo kompyuta zote za hospitali yetu hapa Kumasi zilikuwa zinawaka vizuri, ila hakuna hata moja iliyoiona maabara kwenye mtandao.

Nilichoka kabla sijakaa.

Wiki tatu nyuma tulinunua seva kubwa, tukaunda mashine pepe ishirini ndani yake, yaani kompyuta za programu tu, zisizoshikika. Ikabaki kuamua tuziunganishe vipi.

Serwaa, msaidizi wangu, aliyezoea kuniita Bra, yaani kaka, akasema, "Bra Yeboah, za majaribio tuzipe mtandao wake peke yake. Zisichanganyike na za wodi."

"We dada unapenda kujitafutia kazi," nikamjibu. "Zote mtandao mmoja, tukapumzike."

Mimi ndiye mkubwa. Ikapita yangu.

Sasa kuna mama yuko chumba cha upasuaji, daktari hamgusi bila majibu ya damu, na Bosi Amponsah kasimama mlangoni.

"Nani kaharibu?"

Jamani, mdomo huu! Nikasema, "Serwaa ndiye aliyeishika seva Ijumaa."

"Basi leo namwandikia barua ya onyo."

Serwaa akanitazama, akatoka.

Nikachimba saa nzima. Kumbe alfajiri kulikuwa na dumsor, ile katakata ya umeme, kama kawaida yetu. Umeme uliporudi, mashine pepe moja iliwahi kuamka kabla ya kifaa kinachozipa kompyuta anwani za kuonana mtandaoni. Ikaanza kuzigawa yenyewe, tena za ovyo, jengo zima.

Nikasoma jina lake.

"Jaribio-Yeboah."

Niliiunda mwenyewe, nikaisahau. Ingekuwa kwenye mtandao wake peke yake, isingemsumbua mtu.

Nikaizima, nikawaambia wodi zote wazime na kuwasha kompyuta zao. Maabara ikaonekana. Nikakimbilia chumba cha upasuaji kumuulizia yule mama.

"Ameshatoka salama," muuguzi akasema. "Majibu yake yalifika kitambo. Yule binti wenu anapanda na kushuka ngazi na makaratasi ya maabara tangu asubuhi. Hadi viatu kavua."

Aibu niliyoiona sitaki kuikumbuka. Nikaenda kwa bosi, nikamwambia yote.

Wala hakufoka. Aliivuta ile barua mezani, akakata jina la Serwaa kwa kalamu, akaandika langu juu yake.

Ndugu zangu, ukipewa ukubwa kazini, msikilize anayekupinga kabla hujamcheka. Mtandao wa majaribio niliutenga siku hiyohiyo, Serwaa akinisimamia.

Yeye bado ananiita Bra. Mimi sasa namwita Madam.