Bahasha ya Mtihani wa Dalia

Tangu Haitham avuke mpaka kwenda Uvira, Zaire, mwaka tisini na tano, nyumba ya Bi Kaltum pale mtaa wa Buyenzi ilikuwa na sheria moja: barua ya ng'ambo hailali imefungwa. Iwe ya nani, iwe imetoka wapi, inapasuliwa papo hapo. Haitham alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, hakuwa ameandika neno tangu vita vilipoingia Zaire, na habari zake zingeweza kupitia mkono wa yeyote. Mtaa mzima ulikuwa hivyo miaka ile. Ukiletewa barua Buyenzi, wewe ndiye wa mwisho kuisoma.

Dalia, binti wa Bi Kaltum, aliijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana kwa miaka minne aliyosomea shahada ya uongozi wa biashara kwa njia ya posta, kutoka chuo kimoja cha Ubelgiji, alizidaka barua zake dukani kwa mjomba Obeid, mwenye sanduku la posta, kabla hazijafika nyumbani. Mchana aliuza vipuri vya magari hapo dukani, alfajiri alisoma. Vitabu vilichelewa kwa sababu ya vikwazo vya biashara vilivyowekewa nchi, na kazi zilizopotea njiani akaziandika upya. Sasa, mwaka tisini na tisa, ulibaki mtihani mmoja. Karatasi zake zingekuja katika bahasha yenye lakiri, ifunguliwe mbele ya msimamizi tu, kabla tarehe kumi na tano Mei haijapita. Lakiri ikivunjwa, mtihani unafutwa. Na kwa kuwa usajili wake ulikuwa unaisha mwezi huo huo, miaka minne yote ingekwenda na maji.

Bahasha haikuja. Wiki nzima Dalia hakuacha kuiulizia. Jumamosi, siku yenyewe ya mwisho, mjomba Obeid aliikuta posta. Kwa huruma yake hakungoja mpwa wake afike dukani. Akaikimbiza nyumbani, akamkabidhi Bi Kaltum, akarudi kwenye wateja. Dalia alikuwa bafuni.

Alipotoka, nywele zikichuruzika maji, alimkuta mama yake ameketi kwenye jamvi, vipande vya lakiri nyekundu mapajani, karatasi mkononi. Bi Kaltum alisoma msahafu vizuri ajabu, lakini Kifaransa hakujua hata herufi ya kwanza. Alikuwa akizigeuzageuza zile karatasi, akitafuta jina la mwanawe.

"Mama! Umefanya nini?"

"Barua ya ng'ambo, mi nitaiacha vipi? Nisomee basi. Inasema nini?"

Machozi yalimlengalenga Dalia. Alizipokonya karatasi bila kuzitazama, akazisokomeza ndani ya bahasha, akajitupia mtandio na kutoka mbio. Sikufichi, si adabu ya kumfanyia mzazi. Lakini kichwani mwake hapakuwa na mzazi wala adabu, palikuwa na lakiri tu.

Msimamizi wake, Madame Spéciose, mwalimu mkuu mstaafu, alikaa mtaa wa Kigobe. Njia nzima Dalia aliwaza gundi. Dukani gundi ilikuwepo, na lakiri mtu angeweza kuitengeneza kwa mshumaa mwekundu. Alilifukuza wazo hilo, likarudi, akalifukuza tena. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliichungulia bahasha, akamrudishia, na Dalia akajikuta anamshukuru mara tatu.

Madame Spéciose aliigeuza bahasha upande huu na upande ule.

"Nani alifungua?"

"Mama. Alizani ni habari ya kaka yangu. Hajui Kifaransa, Madame. Na mi sikuangalia hata mustari moja, wallahi."

Mwalimu aliiweka bahasha mezani.

"Uongo mi siandiki, ma fille. Nitaandika vile ilikuwa. Lakini yule alifungua aje hapa siku ya kwanza, Jumatatu, aseme mwenyewe, atie signature. Asipokuja, situmi kitu. Sasa kaa. Uko na masaa tatu."

Dalia aliandika kwa saa tatu hizo bila kujua kama anaandika kitu au anachafua karatasi.

Alipofika nyumbani jioni, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Ubani ulinukia. Wanawake wameketi uani, mmoja anasoma Yasini. Jirani yao Mwanne akamkumbatia.

"Pole, mwanangu. Tumesikia."

"Mumesikia nini?"

"Ile barua ya Haitham."

Hapo Dalia akaelewa. Mama yake alikuwa ameona machozi, akaona karatasi zinapokonywa na kufichwa, akaona mlango. Akaisoma barua nzima peke yake.

Dalia alipiga magoti mbele yake. "Mama, ile ni mutihani. Mutihani wangu tu. Haitham hayuko mule."

"Hayuko hata kidogo?"

"Apana."

"Basi hakukufa."

"Hatujui, mama."

Msomaji wa Yasini alifunga msahafu. Bi Kaltum, ambaye mchana kutwa hakuwa ametoa chozi, sasa ndipo alipolia. Dalia alitahayari mno, hakuweza kulisema lililobaki. Alilisema Jumapili, kwamba mama anatakiwa kwa Madame akatie saini.

"Nitakwenda," mama yake alisema. "Lakini waandike vile nitasema. Nilikuwa natafuta mutoto wangu."

Jumatatu Madame Spéciose aliandika hivyo hivyo, kwa Kifaransa, na Bi Kaltum akatia saini kwa herufi za Kiarabu.

Miezi mitatu Dalia hakulala usingizi wa maana. Agosti jibu likafika, akamsomea mama yake: mtihani umekubaliwa, amefaulu, kumi na tatu kwa ishirini. Chini ya mihuri yote, mtu fulani wa chuoni alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa kalamu yake mwenyewe, akiuliza kama kijana amepatikana.

Bi Kaltum akataka asomewe mstari huo tena.