Mashimo ya Kyareni

Mektrida alizaliwa Kirua Vunjo akaolewa Kibosho, na watu wa Kibosho hawakumwacha asahau. Mwaka wake wa kwanza pale, kila akitamka neno la Kichagga cha kwao mferejini, wanawake walitua ndoo chini kwanza ili wacheke vizuri. Yeye naye akacheka nao. Baadaye akaanza kuwajibu, na walipoona mdomo wake una mbio kuliko midomo yao yote, wakampa kuongoza kwaya ya jumuiya. Kutoka kwaya akaingia kamati ya maziwa, na kutoka maziwa, siku wanaume wawili walipogombea uenyekiti wa kitongoji cha Kyareni mpaka wakanuniana, watu wakaona heri wampe yeye, ili wale wawili warudi kusalimiana.

Sasa ana wajukuu, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na tangu masika yaanze mpaka yaishe havui mabuti ya mpira isipokuwa kwa kulala na kwenda kanisani. Shingoni huvaa filimbi. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Fabian, refa wa mpira wa parokia, refa mpole kiasi kwamba timu zote mbili zilikuwa zikimtuhumu kuipendelea nyingine. Uwanjani filimbi ile haikusikilizwa sana. Lakini kwa Mektrida, ikilia asubuhi migombani, watu wanajua ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na wanatoka na majembe huku wakinung'unika. Anayejificha, Mektrida humfuata mpaka jikoni, akamwuliza kwa upole kama anaumwa, na kama anaumwa amletee uji. Mtu anaona aibu, anatoka.

Kitu kilichokuwa kikimnyima raha ni barabara. Ukishapita kanisa, barabara ya Kyareni inapanda katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani, migomba huku na kahawa kule, ua wa mimea ya sale pembeni na mfereji unaoimba upande wa chini. Kwa kuitazama ni nzuri. Kwa kuipita ni habari nyingine. Mashimo yake yamekaa miaka mingi hata yamepewa majina kama watoto. Kuna Bwawa, ambamo bata wa jirani huogelea. Kuna Shimo la Harusi, lililomnasa bibi harusi na shela lake. Kuna la Primus, fundi wa pikipiki, aliyetumbukia humo na kreti la bia likiwa limefungwa nyuma, na mpaka leo akipita hapo husimama kidogo, kama mtu anayepita kaburini.

Aliyeumizwa zaidi na mashimo hayo ni mama mkwe wake Mektrida, Bibi Theodora. Miguu imemgomea. Masika yakikolea hakuna gari linalofika, kwa hiyo siku ya Pasaka au siku ya kliniki, wanaume hufunga kiti kwenye miti miwili wakambeba begani mpaka kanisani. Yeye hukaa humo wima na rozari yake, akiwasimanga wabebaji kwamba baba zao walikuwa hawatikisi namna hii. Watu wanacheka, lakini Mektrida, akitembea nyuma ya kiti, hakuwahi kucheka. Mara moja walimwangusha. Hakuvunjika, Mungu alisaidia, ila tangu siku hiyo Mektrida aliapa mbele ya kitongoji kizima kwamba akiwa mwenyekiti, mama Theodora atakwenda misa kwa gari.

Basi mwaka huu, masika yakiwa yanaanza, habari ikaja kutoka ofisi ya kata: kamati ya madiwani wa halmashauri inapanda kukagua barabara, ichague zipi ziingie kwenye mpango wa mwaka unaokuja. Watakuja mara moja tu. Barabara watakayoiona haifai ndiyo itakayotengenezwa, na watakayoiona inafaa itasubiri, na kusubiri huko hakuna anayejua mwisho wake.

Mektrida akaitisha mkutano kwenye banda la kupimia kahawa, akawaeleza. Akasema safari hii hataki msaragambo. Jembe lisiguse barabara, jiwe lisisogezwe, kila shimo likae lilivyo mpaka wageni walione kwa macho yao.

Watu wakatazamana. Primus akasimama, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, miaka yote unatutoa kwenye pombe yetu ya mbege utupeleke kwenye majembe. Leo ndiyo unatukataza kazi? Usije ukawa unaumwa. Tukuletee uji?"

Banda zima likaanguka kicheko, na Mektrida mwenyewe akalazimika kujifuta machozi. Wakakubaliana. Mmoja tu hakucheka wala hakukubali, Bibi Theodora, aliyekuwa ameketi mlangoni na shali lake. Aliuliza jambo moja, kama wageni hao ni wageni wa kweli au ni watu wa kupita. Akaambiwa ni wageni wakubwa. Akanyamaza. Mektrida alimjua mkwewe kwa miaka mingi na alitakiwa kuuogopa ukimya ule, lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimejaa madiwani.

Siku ilipofika, Mektrida alivua mabuti akavaa viatu vya kanisani na gauni la kitenge lililonyooshwa vizuri. Filimbi haikuendana na gauni, akaitundika kwenye msumari karibu na kitanda cha mama mkwe, akashuka ofisi ya kata kuwapokea wageni.

Huko alisema vizuri. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mheshimiwa Sifael, mzee mrefu aliyeinama kidogo mabegani, mzaliwa wa Kirua Vunjo. Aliposikia lafudhi ya Mektrida akatabasamu, akamwuliza watu wa Kibosho walimwibaje. Mektrida akamjibu kwamba hawakumwiba, alikuja mwenyewe kwa miguu, kwa sababu gari lisingefika. Hapo ndipo akawapa mashimo yote, moja moja kwa jina, na bata, na shela, na kreti la bia. Madiwani walicheka mpaka mhandisi wa barabara aliyefuatana nao akaacha kuandika. Mheshimiwa akasema shimo lenye bata hajawahi kuliona, na asingependa kufa bila kuliona.

Wakapanda gari, Mektrida akiwekwa mbele awe mwenyeji. Wakapita kanisa. Wakakata kona.

Kwanza Mektrida alidhani dereva amekosea njia. Barabara ilikuwa laini kama uso wa mtu aliyetoka kunyolewa. Udongo umesawazishwa, majani mabichi yametandazwa juu yake, na mahali pa Shimo la Harusi palisimama upinde wa majani ya migomba na maua mekundu. Bata walikuwa wamekaa kando, wanatazama mahali palipokuwa bwawa lao kama watu waliohamishwa bila taarifa. Na kando ya barabara kitongoji kizima kilikuwa kimesimama, majembe yameshikwa nyuma ya mgongo, kinaimba wimbo wa kuwakaribisha wageni ambao Mektrida alikuwa amewatungia mwenyewe.

Gari likapanda bila hata kutikisika.

"Mama," Mheshimiwa Sifael alisema taratibu kutoka kiti cha nyuma, "hii ndiyo ile barabara?"

Mektrida akashuka, akamwendea Primus, akamwuliza bila kufungua meno kuna nini hapa. Primus alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Filimbi imelia, mwenyekiti. Tungefanyaje?"

Akainua macho barazani kwake. Bibi Theodora alikuwa ameketi pale, shali jipya mabegani, na filimbi ya mwanawe Fabian kifuani.

Mektrida alijaribu kueleza. Alisema jana tu palikuwa na mashimo. Mhandisi akakanyagakanyaga udongo kwa kisigino, akatikisa kichwa kwa adabu. Diwani mmoja akauliza kama bata nao wametandazwa majani juu. Mektrida angeweza kuwaambia watu wake, mbele ya wageni, wafukue walichofukia. Lakini aliwatazama wamesimama pale, jasho linawatoka, wanangoja wasifiwe. Akasema tu ahsante kwa kazi. Mheshimiwa akasema maneno mazuri yaliyomchoma mpaka ndani: kwao Kirua wangeipata barabara kama hii wangechinja, na kwa kuwa watu wa Kyareni wanajiweza hivi, kamati itaanza na wale wasiojiweza. Halafu akatazama mlima, uliokuwa umeshajifunika mawingu, akasema wawahi kushuka kabla ya mvua.

Mektrida akaona hakuna la kufanya. Akawa anawafungulia mlango wa gari.

"Mnakwenda wapi?" sauti ikatoka barazani.

Mheshimiwa Sifael akageuka, akaenda mpaka kwa kikongwe, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nauliza mnakwenda wapi, na mimi ndizi zangu ziko jikoni?"

Mheshimiwa akaanza kueleza kuhusu mawingu. Bibi Theodora akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza mama yake ni nani, na kama mama huyo aliwahi kumruhusu mgeni aondoke na njaa. Mheshimiwa akavuta kiti. Akakaa. Wengine nao wakakaa.

Ndizi zilikuwa hazijaiva, na nani angezihimiza? Kwanza ikaja mbege, kibuyu kikazunguka. Ukaja mtori. Ukaja mchanganyiko wa ndizi na nyama, na diwani yule wa bata akaongeza mara mbili. Zikaja hotuba, kwa kuwa hakuna anayekula Uchagani akainuka hivi hivi. Primus akahutubia kirefu kuhusu pikipiki. Mektrida alihudumia wote kwa tabasamu, ila alipofika kwa mkwewe akaweka sahani akageuka, na Bibi Theodora akamshika mkono.

"Umenikasirikia."

"Hapana, mama."

"Umenikasirikia. Lakini Mektrida, mgeni aje kwangu atumbukie shimoni? Mimi nilishaangushwa mle. Ninajua linavyouma."

Mektrida akaketi kwenye ngazi, karibu na miguu ya mkwewe, na hapo hapo tone la kwanza likagonga bati.

Mvua ya Kibosho mwezi wa Aprili haibishi hodi. Ilishuka na mlima wote nyuma yake. Ilipopungua, wageni walikumbatiana na wenyeji, mkungu wa ndizi ukapakiwa, jogoo akapakiwa, na Mektrida, kama desturi, akapanda gari kuwasindikiza mpaka kanisani.

Hawakufika kanisani. Udongo wa asubuhi ulikuwa umekuwa uji, na majani yalikuwa yanaelea juu yake kama mboga. Gari likateleza kwa ubavu, likapita chini ya upinde wa maua, likauchukua upinde wote kichwani, kisha likashuka taratibu kwenye Shimo la Harusi na kukaa humo. Jogoo akawika. Dereva akakanyaga mafuta, gari likazama zaidi. Mheshimiwa Sifael akavua viatu, akakunja suruali, akashuka, na matope yakampokea mpaka magotini. Mhandisi alishuka upande wa pili bila kuvua chochote, na hakuhitaji tena kupima kwa kisigino. Hatua chache mbele yao, bata walikuwa wamesharudi majini.

Ndipo huko juu, migombani, filimbi ikalia.

Watu walishuka na majembe, na kamba, na magunia, wakiwa na mbege kichwani na furaha tele. Primus akashika uongozi, akiwaelekeza madiwani wapi pa kuweka bega, maana yeye, alisema, ana uzoefu. Walisukuma, wakaanguka, wakaimba ule wimbo wa kuwakaribisha wageni kwa kuwa ndio walioujua wote, na gari likatoka likiwarushia matope bila kubagua mheshimiwa na mkulima.

Mheshimiwa Sifael hakurudi garini moja kwa moja. Alikwenda pembeni kwenye ua, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akaja nalo mbele ya Mektrida kwa mikono miwili. Uchagani mtu akikuletea sale amekuomba radhi, na hukatai, hata awe amekukosea nini.

"Nimesema barabara yenu ni nzuri," alisema. "Nimekosa, mama."

Mektrida alilipokea, gauni lake la kitenge likiwa halijulikani rangi. "Yamekwisha, ndugu yangu. Ila hukusema uongo. Ulipopita ilikuwa nzuri."

Mheshimiwa akacheka. Akamwita mhandisi, akamwambia aandike Kyareni juu kabisa, na aandike majina ya mashimo pia.

Baada ya muda kata ikaleta habari kwamba Kyareni imo kwenye mpango, na wapimaji watapanda wiki inayofuata. Mektrida alifikiri sana. Kisha akampigia simu wifi yake Magreth, anayekaa Rau kule mjini, akamwuliza kama hangependa kukaa na mama yake kwa siku chache.

Kiti kikafungwa kwenye miti, Bibi Theodora akabebwa na Primus na wenzake. Mektrida akafuata nyuma, mabuti miguuni, filimbi ikiwa imerudi shingoni kwake. Kikongwe aliyatazama mashimo yote yakipita, moja moja, midomo imebana. Walipofika Bwawa aliwaamuru wabebaji wasimame.

"Hao wapimaji," alisema, "nao si wageni?"

"Ni wafanyakazi, mama."

"Hata dogo moja, Mektrida. Lile la pembeni. Wasije wakasema kwa Theodora hakuna watu."

Mektrida akatazama juu, akatazama chini, akahakikisha Primus ametazama kwingine. Kisha akalisukuma jiwe kwa ncha ya buti mpaka likaangukia ndani ya kile kishimo cha pembeni, akalikanyaga likakaa.

"Haya," alisema. "Hilo moja tu. Twendeni."