Asali ya Sikonge ilivyoichanganya kompyuta

Leo kompyuta ya maabara imenitoa jasho, na kosa ni langu.

Tuna programu iliyofundishwa kusoma picha za vinyama vinavyokatwa kutoka kwa wagonjwa. Ikishuku saratani, inachora duara jekundu.

Asubuhi nikaweka kioo chenye kinyama cha mama mmoja wa Sikonge, kilichotoka kwenye uvimbe wa titi. Mwenyewe yuko nje kwenye benchi, anasubiri majibu.

Duara jekundu. Kubwa!

Nikamwita dokta wetu, Bi Zuhura. Akakitoa kioo, akakigusa.

"Wewe, mbona kinanata?"

Jamani. Asali! Mama yule alituletea chupa siku ya kipimo, na leo nilikuwa nimechovya kidole kabla ya kushika kioo. (Najua, maabarani hakuliwi. Msinianze.)

Tukakifuta, tukapiga picha upya. Duara hakuna. Dokta akahakikisha kwa darubini: si saratani.

Mama alipopewa majibu alilia, akacheka, akafungua kikapu.

"Mwanangu, nimewaletea chupa nyingine."

Nyie mngemwambia kuhusu ile ya kwanza?

Mimi nilisema ahsante mama, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaenda kuinawa yote miwili.