Pasi ya Mjini na Kitambaa cha Meza ya Bwana

Kwa miaka sita kitambaa cha Meza ya Bwana, katika kanisa letu la Wasabato karibu na Keumbu, nilikipiga pasi mimi. Si mke wa mchungaji, si mke wa mzee wa kanisa. Mimi! Pasi yangu ilikuwa ya makaa, na kipimo changu cha moto kilikuwa jani bichi la mgomba. Ukilipitishia chuma mara mbili, ukasikiliza linavyolia, unajua kama pamba itastahimili. Sikuwahi kuunguza hata uzi.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kanisa likapata kitambaa kipya cha nailoni, cheupe pe, na wazee wakasema nailoni haiwezi kuachiwa makaa. Kipelekwe Kisii mjini kwa mke wa mdogo wa mume wangu, yeye ana pasi ya stima. Na nani akipeleke? Mimi tena, kwa basi. Hebu fikiria! Nilikasirika mpaka chakula hakikushuka.

Nilifika kwake Ijumaa asubuhi, siku ya maandalio, maana jua likishatua hakuna Msabato anayeshika pasi. Ile ya kwake ilikuwa inameta mezani. Chini ya mpini palikuwa na kidude cha kuzungusha, kimeandikwa majina ya vitambaa, kuanzia nailoni yenye moto mdogo hadi kitani yenye moto mkali.

"Dada, hebu ijaribu kwa shati hili," akaniambia.

Nikaishika, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaanza kuibembeza huku na huku ili makaa yashike. Waya ukachomoka ukutani. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Dada, wapepea nini? Hamna makaa humo!"

Nikacheka naye, lakini kicheko cha meno tu. Nisiseme uongo, nilimwonea wivu mbaya. Niliionea wivu ile pasi, nikaionea swichi ya ukutani, nikaionea hata mikono yake isiyonuka moshi. Mjini kwake alikuwa na kila kitu. Mimi nilikuwa na kazi moja tu ya kujivunia, na ndiyo hiyo aliyokuwa akiitandika mezani.

Akairudisha pasi kwenye stima, akaiweka kwenye nailoni. Mtoto wake akalia chumbani, naye akaenda kumchukua. Nilibaki peke yangu. Nikanyoosha kidole, nikakizungusha kile kidude mpaka mwisho, kwenye kitani. Kisha nikaketi, nikashika kikombe changu cha chai.

Alirudi na mtoto mgongoni, hata hakutazama. Aliamini alivyoiacha. Pasi ilipogusa nailoni ikanata, na alipoinyanyua kitambaa kilikuwa na tundu kubwa katikati, kingo zake zimejikunja, nyeusi.

"Maskini mimi! Nimekiharibu kitambaa cha Bwana!" Akalia kwa sauti, na mtoto naye akalia.

"Pole," nikasema. "Hizi pasi za stima hazina imani."

Nilipanda basi, nikafika nyumbani jua lingalipo, nikakitoa kitambaa cha zamani cha pamba, nikakipiga pasi vizuri kuliko siku zote. Sabato asubuhi wazee walinishukuru mbele ya watu. Mmoja akasema kazi hii haitatoka tena mikononi mwangu. Nilivimba kichwa, nakwambia!

Lakini kwetu, kabla ya mkate na divai, lazima watu watawadhane miguu, wanawake upande wao, na ukiwa na neno na mwenzako ulimalize hapo. Mke wa shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka mjini, macho yamevimba. Akapita wanawake wote na beseni lake, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, nisamehe," akasema, ananimwagia maji. "Nilikucheka. Tena niliichukua kazi yako, Mungu akaniaibisha."

Wanawake waliokuwa karibu wakageuka kututazama, wakingoja jibu langu. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia nimemsamehe.