Sauti Ndani ya Sufuria

Mimi Risper huwa sifichi: Byron alinikera. Mama yake ni Benta, jirani yangu hapa Magunga, ila tunamwita Nyar Sori, yaani binti wa Sori, kwa sababu ndiko alikozaliwa. Mumewe alikufa, binti ameolewa Awendo, na huyo Byron, kitinda mimba, yuko Nairobi kwenye kampuni ya mitandao. Nyar Sori amebaki na kuku na mimi.

Kila Sabato tukitoka kanisani Byron hupiga simu. Zamani sauti ilikuwa inakatika, maana hivi vilima vinakula network vibaya. "Mama, Desemba..." halafu kimya, halafu "...salimia wote." Nyar Sori anaweka simu chini akitabasamu, ananiambia mtoto amesema Desemba anakuja. Anakandika chumba cha Byron upya kwa udongo, anamtengea jogoo. Desemba inapita, jogoo anazeeka. Lawama zote ni za network.

Pasaka Byron akaja, siku moja tu, akaweka kitu kwa simu ya mama ili sauti isikatike tena. Alitueleza kwa punje za mahindi. Sauti inakatwa vipande vidogo, na vipande vya ziada vinatumwa pamoja navyo kubeba jumla. Akashika punje nne mkono huu, tatu mkono ule, akasema kile kipande cha ziada kinasema saba. Akaficha zile tatu. Sasa nani hajui ameficha ngapi? Hivyo ndivyo simu inavyojaza pengo yenyewe. Ila vikipotea vingi mno, alisema, hata hesabu inashindwa. Nikakubali kijana ana akili.

Sabato iliyofuata sauti ikaja safi, utadhani yuko jikoni. "Mama, Desemba sitakuja. Nitakuwa kwa wakwe. Hata mwaka ujao sijui." Kila neno likafika. Nyar Sori akasema sawa baba, akaweka simu mezani. Roho iliniuma. Nilitaka nimpigie yule kijana nimpashe.

"Risper," akaniambia, "toa hiyo kitu aliweka."

Nikamwambia sijui kuitoa, na kwani anataka kurudi kusikia nusu nusu?

"Hiyo nusu ingine nilikuwa naiweka mimi."

Sabato iliyopita nilikuwa kwake simu ilipolia. Akapokea, akaweka spika, akaitumbukiza kwenye ile sufuria yake nzito ya ugali, akafunika, akaacha upenyo mdogo tu. Humo network haiingii vizuri. Byron akaanza kukatika. "Mama... Desemba... mtoto..." Nyar Sori alikuwa ameinama, sikio karibu na kifuniko, anaitikia ee, ee, sawa baba.

Simu ilipokufa kabisa akainuka, akachukua ndoo ya udongo, akaniuliza kama nina nafasi nimsaidie kukandika kile chumba. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nanyi mnanijua. Nikakunja mikono ya nguo yangu ya kanisani, tukakandika.