Shati Lililofuliwa Mwisho

Kama kuna mtu Sikstifoo aliyezijua nguo za watu kuliko wenyewe walivyozijua, basi alikuwa Wepukhulu dobi. Sikstifoo ndiyo Eldoret. Vibarua walikuwa bado wanauita mji kwa namba ya shamba ulikoanzia, sitini na nne. Wepukhulu alifika huko kutoka upande wa Kimilili angali kijana asiye na ndevu, akaajiriwa kuchota maji katika nyumba moja ya Wazungu ng'ambo ya mto Sosiani. Dobi wa zamani alipoumwa kiuno na kurudi kwao, Wepukhulu alisukumiwa karai. Hakuchagua. Baadaye wenye nyumba walibadilika, huyu akauza akaenda zake, yule akanunua akaingia, na kila aliyeingia alimkuta dobi pale nyuma pamoja na pipa la maji na kamba za kuanikia.

Alikuwa amechoka. Tusizunguke, alikuwa amechoka zamani, na sasa alikuwa akiendelea tu, kwa sababu karai halimwulizi mtu habari ya usingizi wake.

Adui yake mkubwa alikuwa jasho. Tope hutoka. Mafuta hutoka. Hata damu, ukiiwahi na maji baridi, hutoka. Jasho hujificha. Shati likikauka kambani halinuki kitu, ukilikunja halinuki kitu, lakini liguse tu na pasi ya makaa, harufu inaamka kwapani na kukukodolea macho. Ndiyo maana Wepukhulu aligeuza kila shati ndani nje, akaloweka makwapa kwenye maji ya soda ya kufulia, akayasugua kwa sabuni ya mche mpaka kitambaa kikalia, akasuuza, kisha akasogeza pua. Kama harufu ilikuwa bado imeng'ang'ania, alimwomba Kipyego mpishi siki kidogo, akapaka na kusuuza tena. Halafu jua. Wanga na pasi havikuigusa nguo mpaka pua yake iridhike.

Na jua la huko si la kuchezea. Miezi ya mvua huwa linatoka asubuhi, linawaka vizuri kabisa, halafu mchana mawingu yanapanda na mvua inamwagika mpaka jioni. Nguo ya asubuhi inakutana na jua. Nguo ya jioni inakutana na moshi wa jikoni, ikining'inia juu ya mafiga.

Maji nayo yalikuwa na mpango wake. Maji ya kwanza, yale ya moto na sabuni mpya, yalikuwa ya shuka na vitambaa vya meza. Yakafuata mashati ya bwana na magauni ya memsahib. Humo humo zikaingia suruali za kaki, kisha soksi, kisha matambara ya jikoni. Maji yakishakuwa mazito kama uji wa wimbi, na jua limekwisha ondoka, Wepukhulu alivua shati lake mwenyewe na kulitumbukiza. Hakuna aliyemwamuru. Dobi wa zamani alifanya hivyo, naye akafanya hivyo, na ukimwuliza kwa nini angekushangaa, kwa maana angeanzia wapi kufikiria vingine?

Basi tuje kwa Nekoye. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo, bibi akamlea nyumbani, wamisheni wakamsomesha, na sasa alikuwa mwalimu hapo hapo mjini. Alikuwa ameposwa na Walubengo, karani wa reli, kijana mwenye adabu na viatu jozi mbili. Harusi ilikuwa ya kanisani, Jumamosi asubuhi mwezi wa nane, na desturi ya wamisheni ni kwamba baba humshika bibi harusi mkono mlangoni na kutembea naye mpaka mbele. Tangu Wepukhulu aliposikia desturi hiyo, aliufuata mwendo ule kichwani kila alipoinama kwenye karai. Maisha yake yote alikuwa ameingia kwa watu kwa mlango wa nyuma. Mara hii angeingia kwa mlango wa mbele, watu wamesimama, mtoto wake mkononi. Hakutaka kitu kingine duniani.

Jumapili iliyotangulia, Nekoye alikuja kumtembelea. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akasifu chai, akazungumza juu ya mvua, akasifu chai tena. Wepukhulu akaona kuna jambo.

"Sema, mama," alimwambia. Alimwita mama kwa sababu alikuwa na jina la mama yake Wepukhulu.

Nekoye akatazama chini. "Baba, usikasirike. Watu wa Walubengo walikuja ile siku ya maneno ya mahari, wewe ukakaa karibu na mama yake. Alihama kiti."

"Alihama kwa nini?"

"Shati yako, Baba. Inanuka jasho." Akazungusha kikombe cha chai. "Nimesema labda Mjomba Nyongesa anishike mkono kanisani. Yeye ako na koti."

Lo! Heri angemchapa kofi. Wepukhulu aliivuta kola ya shati lake, akanusa, na asisikie chochote. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu kweli. Pua yake, pua ile iliyokuwa ikisikia jasho la bwana kupitia wanga na buluu ya kufulia, ilikuwa imelizoea jasho lake mwenyewe mpaka ikaacha kumwambia. Aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Hakuwa na hasira na mtoto. Mtoto angesema nini, na ukweli ndio huo?

"Nipe mpaka Jumamosi," alimwambia. "Mimi ni dobi."

"Kama itatoka, Baba, ni wewe utanishika. Mimi nataka ni wewe." Na machozi yakamtoka mwalimu mzima.

Usidhani kazi ilikuwa rahisi. Shati lenyewe lilikuwa jeupe, la kitambaa kizito cha drili, la pekee aliloweza kuingia nalo kanisani. Jumatatu, baada ya matambara ya jikoni, alilishughulikia kama shati la bwana, ndani nje, soda, sabuni, akalitundika juu ya mafiga. Asubuhi alimpelekea Kipyego anuse. Kipyego, Mnandi mrefu asiyejua kuficha neno, alinusa na kurudisha kichwa nyuma.

"Bado, mzee. Sasa inanuka jasho na moshi."

Jumanne aliongeza siki. Kipyego alinusa tena, akakuna kidevu. "Leo ni kama kachumbari iliyolala."

"Cheka tu," Wepukhulu alisema. "Wewe hauna msichana wa kuoza."

"Sicheki, mzee. Pole." Na kweli hakuwa anacheka.

Jumatano alisugua mpaka vidole vikachubuka, na kiuno kikawa kinamjibu kila akiinama. Kulikuwa na nguo za wageni siku hiyo, rundo juu ya rundo, kwa sababu memsahib alikuwa na watu wa kutoka mashamba ya mbali waliokuja na watoto wao. Memsahib huyo watumishi walimwita Kengele, kwa kuwa hakuwahi kumwita mtu kwa mdomo, alitikisa kengele ya shaba tu. Kengele ililia asubuhi, ikalia mchana, na jioni Wepukhulu alikuwa bado amesimama kwenye karai, shati lake mkononi, anasugua kwapa lile lile, bila hata kujua ni kwa nini anasugua. Alijihisi mzee. Alijisemea moyoni kwamba Nyongesa ni mtu mzuri, ana koti, mambo yaishe.

Nekoye alimkuta hapo. Alikuwa amepita kutoka shuleni. Alisimama akimwangalia baba yake, akaangalia na yale maji.

"Baba, haya maji ni ya nini?"

"Ya soksi. Halafu ya matambara."

"Na hiyo shati unaitia humu?"

"Si ndiyo maji iko?"

Nekoye aliinama, akatia mkono karaini, akautoa. Ulikuwa na utelezi wa kijivu mpaka kwenye kiwiko. "Jasho ya hawa watu wote iko hapa," alisema polepole. "Unatoa kwao unaweka kwako. Kwani shati yako haiwezi kufuliwa kwanza?"

Wepukhulu aliliinua shati kutoka majini. Mtu aliyejua soda na siki, aliyejua kitambaa kipi kinaogopa maji ya moto, hakuwa amewahi hata siku moja kuwaza hivyo. Kwanza! Neno lenyewe lilimtia woga, kana kwamba ameambiwa akalale kwenye kitanda cha bwana.

Alhamisi mvua ilianza alfajiri, hakukuwa na kufua. Ijumaa anga likapambazuka safi. Wepukhulu alikoka moto mapema, akachemsha maji, akakata sabuni mpya. Shuka za wageni zilikuwa zimerundikana zikimngoja. Alizitazama. Kisha akachukua shati lake, akalitia katika maji yale ya kwanza, safi kiasi cha kuona chini ya karai. Aliloweka, akasugua, akasuuza kwa maji baridi mpaka yakatoka kama yalivyoingia, akatia tone la buluu, akaiendea kamba ya mbele, ile inayokutana na jua mapema kuliko zote, akalibana ndani nje, makwapa yakiwa wazi kwa jua.

Kengele haikulia. Memsahib mwenyewe alitokea, na kikombe mkononi.

"Hii shati ya nani?"

"Yangu, memsahib."

"Wewe natia shati yako maji ya kwanza? Maji ya shuka yangu?"

"Kesho mtoto yangu anaolewa, memsahib. Kanisani."

"Hiyo hapana kazi ya maji yangu. Mwaga. Chemsha ingine. Na ondoa hii kitu hapa kwa kamba."

Wepukhulu alimwaga. Alichota maji mengine, akachemsha upya, akaanza shuka upya, mgongo ukiwaka moto. Lakini shati hakulirudisha jikoni. Alilitandaza juu ya ua wa kayaba, miiba ikalishika vizuri, na jua, ambalo halikuwa la memsahib, likalifuata huko huko. Mawingu yalipopanda mchana, shati lilikuwa limekauka, isipokuwa kola. Kipyego alitoka jikoni akifuta mikono, akanusa kwapa la kulia, akanusa la kushoto, akalizungusha akanusa mgongo.

"Hakuna," alisema.

"Ngoja nipige pasi kwanza. Pasi ndiyo mwisho wa maneno."

Walipasha makaa, Wepukhulu akapiga pasi, Kipyego akainamia mvuke kama mtu anayevuta dawa ya mafua. "Hakuna, mzee. Inanuka nguo." Wepukhulu alikaa chini palepale, kwenye sakafu ya jikoni, akashika kichwa. Alikuwa na furaha, lakini alikuwa amechoka mno hata furaha yenyewe ikakosa pa kusimama.

Jumamosi alipewa ruhusa akishamaliza kuwasha moto wa maji ya kuoga. Alijisugua mwili mzima, akavaa, akatoka. Sasa kanisa liko ng'ambo ya pili. Unateremka mpaka Sosiani, unavuka daraja, unapanda kilima. Wepukhulu aliazimia kutotoa jasho hata tone. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Aliacha mikono mbali na mbavu ili upepo upite. Kila penye mkaratusi alisimama kivulini. Waliokuwa wakienda harusini walimpita wakimsalimu, "Mzee, twende basi!" naye aliwajibu kwamba anakuja, watangulie. Kilimani alipanda hatua mbili, akapumzika, akajipepea na kofia.

Alikuwa hajafika nusu ya kilima aliposikia kanisa likianza kuimba.

Moyo ulimpasuka. Wimbo ule ulikuwa wa kumwingiza bibi harusi. Akitembea atafika safi na kumkuta Nyongesa ameshamshika mkono. Akikimbia atafika amenuka. Alisimama pale barabarani, mtu mzima, akigeuka huku na huku. Halafu miguu ikaamua bila yeye. Alikimbia. Alikimbia kofia ikiwa mkononi, kiuno kikilia, jasho likimtoka kichwani, shingoni, likiteremka kwenye makwapa yale aliyoyapigania juma zima.

Mlangoni, Nekoye alikuwa bado amesimama, amevaa nyeupe tupu, na Nyongesa kando yake ndani ya koti. Watu walikuwa wanaimba ubeti wa kwanza kwa mara nyingine, maana bibi harusi alikuwa amekataa kuingia.

Wepukhulu alisimama mbali kidogo, chini ya ngazi, akihema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Nenda na Mjomba," alisema. "Nilitembea polepole ili nisitoe jasho. Nikachelewa. Nikakimbia. Sasa ona, imeharibika. Mama, nenda tu."

Nekoye aliteremka ngazi, akashika mkono wa baba yake na kuubana kwenye ubavu wake mwenyewe. Wepukhulu alihisi unyevu. Kiganja cha mtoto kilikuwa kimeloa, na gauni lile jeupe, kwapani, lilikuwa na alama kubwa ya maji, kubwa kuliko yake.

"Mimi pia, Baba," alimnong'oneza. "Tangu alfajiri."

Wakapanda ngazi, wakaingia, na watu wote wakasimama.